Kware: Jiwe, Maji na Jina
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wetu wa mwaka)



Kamati imetuagiza tunene machache juu ya historia ya mahali petu pa kukaa, ili maneno hayo yapigwe chapa pamoja na hesabu ya fedha na taarifa ya kazi za mwaka. Tulipopewa agizo hili, baadhi ya wenzetu walituuliza kwa mzaha, “Je, Kware nayo ina historia?” Hatukuwalaumu. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba historia ni mali ya nyumbani tulikotoka, kule yaliko makaburi ya babu zetu, na kwamba mji ni mahali pa kutafuta riziki tu. Mtu hukaa Nairobi miaka 30, akazaa, akasomesha, akazika, na bado ukimwuliza kwao ni wapi hukutajia mto ulio mbali au mlima ulio mbali.

Lakini limetupata jambo lililotufanya tuone kwamba mzaha huo una hasara yake. Si siku nyingi zilizopita kijana mmoja wa nyumba hii alikwenda kutafuta kazi katika duka moja mjini. Vyeti vyake vilikuwa vyema na majibu yake yalikuwa ya adabu. Mwishoni akaulizwa akaako. Akajibu, “Kware.” Yule aliyekuwa akimsaili akacheka, akamwuliza, “Kule kwa maiti?” Kijana wetu hakupata kazi ile, nasi hatuwezi kuapa kwamba aliikosa kwa sababu ya jina. Lakini tangu siku ile, akiulizwa anakokaa, husema “Embakasi,” kisha hunyamaza.

Ndugu, mtu anapoona haya kutaja mahali alipozaliwa, chama cha ustawi hakina budi kusimama na kuuliza sababu. Basi leo twataka kulishika jina hili la Kware, tulitazame juu na chini, tujue limetoka wapi, limepitia nini, na lafaa kwenda wapi.

Neno kware si la lugha yetu kwa asili. Ni neno la Waingereza la machimbo ya mawe, nasi tukalikata kwa patasi ya ulimi wetu hata likatukaa vizuri. Ndivyo watu wa mashariki ya Nairobi walivyofanya tangu zamani: walipokosa karatasi za kuandikia mambo yao, waliyaandika katika majina. Anayetaka kusoma kitabu chetu na atembee kutoka mjini kuja huku akisoma majina. Atafika Kariokor, na hilo ni jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, vita vya 1914 hadi 1918, ambamo Waafrika wengi mno walibeba mizigo ya majeshi na wengi hawakurudi. Atafika Shauri Moyo, palipojengwa kwa ajili ya watu waliovunjiwa kijiji chao cha Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliambiwa waende au wasiende, ni shauri la moyo wa mtu, nao walijua kwamba moyo haukuachiwa njia nyingi. Atafika Landi Mawe, yaani makao ya wafanyakazi wa reli yaliyojengwa kwa mawe. Atafika Ziwani, na jina lenyewe lamwambia kwamba asishangae akiona maji wakati wa masika. Atafika Ofafa na Mbotela, na hayo ni majina ya watu: Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, madiwani wa mji waliouawa katika miaka ya Hali ya Hatari. Huyu Tom Mbotela alikuwa mtoto wa James Mbotela, yule aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934. Hatimaye atafika Mukuru, na maana yake katika Kikikuyu ni bonde, kisha Pipeline, palipopata jina kwa bomba la mafuta. Na katikati ya hayo yote atafika kwetu Kware.

Mtaona kwamba baadhi ya majina haya yanarudia mambo mawili: mawe na maji. Tuanze na maji, maana ndiyo ya kwanza.

Wamasai walipaita mahali hapa Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika tarehe 30 Mei 1899, ilifika katika nchi ya matope na matete, na wakubwa wa wakati ule walilalamika sana kwa sababu ya unyevu wa mahali. Upande wa magharibi, ulioinuka, una udongo mwekundu usiotuamisha maji, na huko ndiko Wazungu walikojichagulia viwanja. Upande wetu wa mashariki ni tambarare, na udongo wake ni ule mweusi, unaopasuka wakati wa kiangazi hata mtoto aweza kuingiza mkono katika ufa, kisha mvua ikinyesha huvimba, hunata, na hukataa kunywa maji. Kwa hiyo mpango wa mji haukuwa wa bahati. Waliotangulia kuchagua walichagua pakavu, na waliochaguliwa kuja baadaye walipewa penye maji.

Lakini kuna habari iliyo kongwe kuliko reli na kuliko Wamasai. Wataalamu wa miamba waliopima nchi ya Nairobi wameeleza kwamba chini ya tambarare hizi, kuelekea Athi, kuna matabaka ya namna mbili yaliyofungamana: majivu ya milima ya moto yaliyogeuka kuwa jiwe, na matope ya ziwa. Naam, ziwa. Zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita, kabla mwamba mgumu mweusi uitwao fonolaiti haujamiminika juu ya nchi ya Nairobi, maji yalisimama katika sehemu hizi, na majivu ya moto yakaanguka ndani yake, tabaka juu ya tabaka. Matabaka hayo ndiyo yanayohifadhi sehemu kubwa ya maji ya visima virefu vya Nairobi mpaka leo. Kwa hiyo mtu akichimba huku akakuta maji, asidhani kwamba ameleta jambo geni. Amebisha mlango wa mwenye nyumba wa kale.

Sasa tuje kwenye jiwe. Majivu yale yaliyoganda yalifanya jiwe la kijivu lililo laini kiasi cha kukatwa kwa mkono, tena gumu kiasi cha kubeba nyumba. Mji uliozaliwa kwa mahema na mabati ulikuwa na njaa ya jiwe. Kazi yenyewe wazee wetu wameieleza mara nyingi, na wengine walioifanya wangali wakikohoa vumbi lake. Kwanza huondolewa udongo mweusi mpaka uso wa mwamba uonekane. Hutobolewa mstari wa matundu kwa mtaimbo, hupigwa kabari, mwamba huachana. Mahali palipo pagumu hutiwa baruti, na kila mtu hukimbia. Kisha huja wachongaji wenye nyundo na tindo, kila mmoja na rundo lake, nao hulipata jiwe lenye pembe nne kwa jicho na mazoea tu. Malipo ni kwa hesabu ya mawe, wala si kwa saa. Vipande vilivyobaki huwaendea kina mama, nao huketi juani wakivigonga viwe kokoto. Siku hizi misumeno ya mashine imechukua kazi hiyo katika machimbo makubwa, na majenzi mengi ya Nairobi hupokea mawe yake kutoka Ndarugu, upande wa Juja. Lakini ukuta wa zamani ukiutazama karibu utaona bado alama za tindo, mistari midogo midogo iliyolala upande mmoja, nayo ni mwandiko wa mtu.

Twataka wanachama waelewe uzito wa jambo hili. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa katika miaka ya 1940, ni za mawe. Na pale Kaloleni, katika jumba la mikutano, tarehe 23 Aprili 1950, Waafrika na Wahindi walikutana pamoja, na Makhan Singh akasimama akataka uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki, neno ambalo wakati ule wengi waliona ni la mtu asiyejali usalama wake. Kweli hakuwa salama: alikamatwa mwezi wa Mei mwaka ule ule, na hakuachiliwa mpaka 1961. Hata uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958, ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa Hali ya Hatari, waliovunja mawe katika jua la tambarare hii hii. Wasafiri wa dunia nzima wamekanyaga kazi yao. Basi mwenye kuuliza kama jiwe lina historia, na auulize uhuru wake ulisimama juu ya nini.

Ama kwa habari ya shimo, hapo ndipo penye uchungu. Jiwe likiisha, au maji yakizidi pampu, mwenye machimbo huondoa mashine zake, hulipa wa mwisho, hufunga mlango akaenda zake. Jiwe limekwenda mjini likawa nyumba, fedha imekwenda benki, na shimo limebaki. Mvua ya kwanza hulilowesha, ya pili hulijaza, na udongo wetu haukubali kuyanywa maji hayo. Likawa ziwa dogo. Halina mto wa kuliingia wala wa kulitoka, halina ufuo, na kando yake hushuka ghafula kama ukuta wa kisima, kwa kuwa lilikatwa kwa ajili ya jiwe, halikukatwa kwa ajili ya binadamu.

Pembeni mwa maji ya namna hiyo watu walijenga. Wengine wetu tulikuja kwa ajili ya viwanda, wengine tulifukuzwa na kodi za mitaa mingine, wengine tulimfuata ndugu aliyetangulia. Mwanzoni zilikuwa nyumba za mabati, baadaye zikaota ghorofa upande wa Pipeline, saba na nane, hata jua likawa haligusi baadhi ya vichochoro. Maji ya bomba yalipokosekana, na yalikosekana mara nyingi, kina mama waliteka maji ya shimo kwa kufulia na kuoshea sakafu, na maji ya kunywa wakanunua kwa mtungi wa lita 20. Watoto, kwa kuwa mtoto ni mtoto kila mahali, waliona maji wakataka kuogelea. Baadhi yao hatukuwapata wazima. Hatutataja majina yao hapa, maana wazazi wao wameketi pamoja nasi. Lakini katika kitabu cha chama, katika ukurasa wa michango ya mazishi, yamo.

Twajua kwamba mji wenyewe haukukosa maji. Bwawa la Ruiru lilijengwa, Sasumua likafuata mwaka 1956, na lile kubwa la Ndakaini likakamilika 1994. Maji ya milima ya Aberdare husafiri mwendo mrefu kwa bomba yakafika Nairobi. Safari iliyokuwa fupi, ile ya kutoka bomba kubwa mpaka mtaa wa maskini, ndiyo iliyochelewa.

Kisha likaja la taka. Shimo likiwa wazi, kila mwenye taka huliona kuwa limemsubiri yeye. Tazameni Dandora. Jalala lile lilianzishwa mwaka 1975 katika machimbo yaliyokwisha, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Lakini magari hayakusoma tangazo hilo, na taka zikaendelea kupanda hata zikawa kilima. Sisi huku hatukuwa na kilima, lakini maji yetu yalifunikwa na mifuko na mabaki, na makorongo yakaja yakasimama juu yake kama wazee wa baraza.

Ndugu wanachama, sasa twafika penye neno lililomfanya kijana wetu anyamaze. Tarehe 12 Julai 2024, katika shimo la Kware, ilianza kutolewa miili ya watu iliyofungwa katika magunia na kutupwa majini kati ya taka. Miongoni mwao walikuwamo wanawake. Nchi nzima ilituangalia siku zile. Wapiga picha walijaa, watu wakasimama kandokando mchana kutwa, na waliotangulia kushuka katika maji yale machafu kwa kamba walikuwa vijana wa hapa hapa, bila viatu vya kazi wala mishahara. Habari ya nani alifanya nini si yetu kuihukumu. Ina mahakama yake. Lakini yapo mawili tunayoweza kuyasema kwa haki.

La kwanza: waliotupwa pale walikuwa watoto wa watu. Jina la Kware likitajwa kwa hofu, na wao wanatajwa kama hofu, wala hawatajwi kama dada na mabinti. Heshima ya mahali petu na heshima yao ni kitu kimoja. Hatuwezi kuiosha moja huku nyingine ikiachwa katika matope.

La pili: shimo halikuchimbwa na maiti. Lilichimbwa kwa faida, likaachwa kwa uvivu, likajazwa kwa dharau, na mwisho mtu mwenye nia mbaya akaliona kuwa mahali pa kuficha. Kila hatua iliizaa nyingine. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuachiwa ufa. Tuliachiwa shimo, na hakuna aliyeambiwa alizibe. Kwa hiyo anayemcheka kijana wa Kware anamcheka aliyeachiwa deni, na mkopaji anampita barabarani.

Hata hivyo hatukuja kulia tu. Twataka kuwaonyesha wanachama kwamba shimo la machimbo si hukumu ya milele. Huko Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe katika miaka ya 1950, na baada ya miaka michache palibaki uwanja mweupe wenye maji ya chumvi chini yake, bila jani. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja kutoka Uswisi, René Haller, aliagizwa kupaponya. Alijaribu miti ya aina 26, na ni aina 3 tu zilizostahimili, mmojawapo mvinje, mti ambao watu wa pwani wanaujua. Majani ya mivinje yaliporundikana bila kuoza, alileta majongoo. Majongoo yakayala, yakayageuza kuwa udongo, na juu ya udongo huo ikaota miti mingine. Yakafuata mabwawa ya samaki, ndege, na wanyama. Leo watoto wa shule huletwa kwa mabasi kutazama msitu na maziwa madogo, na asiyeambiwa hawezi kujua kwamba aliko ni shimoni.

Twaleta mfano huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jambo lenyewe linawezekana, tena katika nchi hii, tena bila muujiza. Lilitaka mti ufaao, subira, na mdudu mnyonge ambaye hakuna aliyemhesabu. Sababu ya pili ni onyo. Kule Bamburi mwenye kuharibu alijulikana, na mwenye kutengeneza alikuwa yeye yule. Huku kwetu mwenye kuharibu amekwenda, na wenye kukaa si wenye hati. Basi tukisema tu “shimo litengenezwe,” hatujamaliza neno. Hatuna budi kuuliza pia: likiisha kutengenezwa, litakuwa la nani?

Swali hili si la woga wa bure. Kijiji cha Pangani kilivunjwa wakati mji ulipoona kwamba mahali pake pamekuwa pazuri. Na mwezi wa Novemba mwaka 2021, hapa jirani Mukuru kwa Njenga, nyumba zilibomolewa ili kupisha barabara, na makumi ya maelfu ya watu wakalala juu ya vifusi vya nyumba zao, wakijifunika kwa karatasi za nailoni. Wanachama wengine waliopo leo walikuwa miongoni mwao. Walikuwa wamekaa pale wakati hapakuwa na barabara, wakati maji yalikuwa ya kununua. Barabara ilipokuja, iliwakuta njiani. Shimo likiwa baya ni letu. Likiwa zuri, yaelekea wenyewe wengine hutokea na hati mkononi.

Lakini pia tuseme mema yaliyo ya kweli. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilizitangaza Mukuru tatu, yaani kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo la kupangwa kwa namna ya pekee, na watu wenyewe wakaitwa kusema watakayo: upana wa njia, mahali pa maji, mahali pa shule. Baada ya 2020 zikaja barabara za lami na hospitali. Watu waliohudhuria mikutano ile wamejifunza jambo moja kubwa, kwamba mtu akijua kueleza mahali pake, ni vigumu kumwondoa kama asiyekuwapo. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 43 haki ya makao na maji. Maneno hayo hayajengi ukuta wenyewe. Lakini ni jiwe la pembeni, na fundi asiyelitumia ana makosa.

Tukumbuke vilevile kwamba hatari hukaa pia katika mambo yanayofanana na neema. Tarehe 12 Septemba 2011, pale Sinai, bomba la mafuta lilivuja, na watu wakatoka na ndoo na mitungi kuchota wakidhani ni bahati. Moto ukawakuta. Walikufa zaidi ya watu 100. Na katika masika ya 2024 mafuriko yalipoingia Mathare na Mukuru, maji yalirudia njia zake za zamani bila kuomba ruhusa. Nchi hii ilikuwa ziwa, na maji hayasahau. Anayejua historia ya ardhi yake hujenga mbali kidogo, huinua kizingiti kidogo, humwita mtoto wake mapema kidogo. Hiyo nayo ni kazi ya historia, wala si kuwasifu waliokufa tu.

Basi, Bwana Mwenyekiti, kwa kuwa maneno ya mkutano wa mwaka yafaa kuishia katika shauri, twaweka mbele ya wanachama mashauri matatu.

Shauri la kwanza ni la ukuta. Tangu sasa, katika kila shilingi za michango ya mazishi, itengwe sehemu ndogo kwa ajili ya kuzuia mazishi: uzio wa nguzo na seng’enge pembeni mwa maji upande wa nyumba, na zamu ya watu wazima wakati watoto wanaporudi kutoka shule. Chama kilichozoea kununua majeneza hakishindwi kununua nguzo. Haba na haba hujaza kibaba.

Shauri la pili ni la barua. Tuwaandikie wahusika wote, kwa lugha ya adabu na isiyo na woga, kwamba shimo lisijazwe taka, bali lijazwe udongo na kupandwa miti, au litengenezwe liwe maji salama. Na kwamba katika barua hiyo hiyo iandikwe kuwa wakaao sasa wahesabiwe kabla ya kazi kuanza, nyumba kwa nyumba, ili siku ya uzuri wasionekane wageni. Twataka hayo mawili yasitenganishwe. Atakayetia sahihi la kwanza na akatae la pili, hatujapatana naye.

Shauri la tatu ni la daftari. Kila mzee aliyeshika nyundo katika machimbo, kila mama aliyegonga kokoto, aitwe jioni moja, na kijana mwenye mwandiko mzuri aandike atakayosema: alifika mwaka gani, alilipwa nini kwa jiwe, shimo lilikuwa na kina gani, maji yalianza lini, nani alizama, nani aliokolewa. Wazee hawa hawatangoji mkutano mwingine na mwingine. Na twaomba kwamba kazi hiyo apewe yule yule kijana tuliyemtaja mwanzoni. Tumesema naye. Hakukubali mara moja. Alituuliza, “Nitaandika nini juu ya jalada?” Tukamwambia aandike Kware, kwa herufi kubwa.

Ndugu wanachama, mahali hapa palikuwa ziwa kabla hapajakuwa na mtu. Pakawa mwamba, pakawa machimbo, pakawa shimo, pakawa maji tena, pakawa jalala, pakawa kaburi la watu wasiostahili kulala pale. Katika mambo hayo yote, nyumba za mjini zimesimama kwa jiwe lililotoka katika ardhi ya namna hii, na hakuna mwenye nyumba anayeona haya kwa ajili ya ukuta wake. Nasi kwa nini tuone haya kwa ajili ya mahali ukuta ulipotoka?

Daftari limekwisha kununuliwa. Lipo mezani pa Mwandishi, ukurasa wa kwanza u mweupe. Mzee yeyote aliye na jambo na asiende nyumbani kabla hajatoa jina lake.